Yadi waliouza IST yangu: gari iliondoka, faini zikabaki kwangu

Nimekaa na hili jambo karibu mwezi sijui niandike au niache, ila juzi jirani yangu hapa Makoroboi kaniambia anataka kupeleka gari yake ya Noah yadi ile ile ya kuuza magari, nikaona nikinyamaza ntakuwa sijamtendea haki. Jina la yadi siweki. Ila kilichonikuta nakisema chote maana kinaweza kumkuta yeyote anayeuza gari Mwanza hapa kupitia mtu wa kati.

Nianze na zuri lao, kwa sababu lipo na ni kubwa. Ile Toyota IST yangu silva, namba D, nilihangaika nayo mwenyewe miezi miwili, naiweka kwenye magrupu ya wasap, mtu anakuja anaizunguka anapiga teke tairi anakwambia nina milioni 7, mwingine anataka alipe nusu nusu. Nikaipeleka yadi. Wakaiosha hadi injini, wakapiga picha nzuri, siku ya 9 wananipigia mteja kapatikana, mwalimu mmoja wa Bunda, milioni 9 na nusu. Hela iliingia benki siku ile ile, wao wakachukua kamisheni yao laki 4 kama tulivyokubaliana wala hawakuongeza hata mia. Kwenye kuuza wanajua kazi, hilo nitasema mbele ya yeyote.

Ishu ni kadi ya gari, ile yenye jina la mwenye gari.

Mkataba tulisaini kwa wakili, mimi na mwalimu na mashahidi, kila mtu na nakala yake, tarehe 14 Februari. Tuliporudi ofisini kwao meneja akasema hesabu ya kubadili umiliki ni hivi, ushuru wa stempu asilimia 1 ya bei yani 95,000, ada ya kuhamisha 50,000, kadi mpya 10,000, jumla 155,000, af na ya kwao elfu 50 ya kuzungukia. Mwalimu akahesabu 205,000 pale pale mezani. Nakumbuka vizuri meneja alichukua bahasha ya kaki akaandika juu kwa kalamu nyekundu IST BUNDA, akaweka hela na kadi ya gari humo ndani, akaniambia "Mayu (ndo mama kwa Kisukuma), hapa wewe umeshamaliza, wiki mbili kadi inatoka na jina la mwalimu, usiwe na presha." Mimi nikaamini. Mtu kakuuzia gari vizuri, hela kakupa yote, utamtiliaje shaka kwenye karatasi?

Aprili nilienda Nansio, kisiwani Ukerewe, kwenye arobaini ya shangazi. Tunarudi, tuko katikati ya maji huku, meseji inaingia. Namba ya gari yangu, kosa mwendo kasi, eneo Magu, faini 30,000 na kontroo namba ya kulipia. Nikaangalia tarehe, ni jana yake asubuhi, muda ambao mimi nilikuwa najaza maji kwenye ndoo za msibani Ukerewe. Cha kwanza nilichowaza ni kwamba kuna mtu kafoji namba zangu, maana akilini mwangu gari ilishakuwa ya mwalimu zamani. Kufika nyumbani kijana wangu akaingia kwenye mfumo wa polisi ule wa kuangalia madeni ya gari, akaandika namba ya gari, zikatoka tatu. Mbili za tochi, ile kamera ya trafiki ya kupima mwendo, moja ya kuovateki kwenye mstari. Elfu 90, na mwenye gari ni mimi.

Kesho yake nilienda trafiki na nakala ya mkataba. Afande aliyenisikiliza alikuwa mstaarabu sana, akanionyesha hadi picha ya tochi kwenye simu yake. Ni gari lenyewe, kwa nyuma, kwenye kioo ile stika ya kwaya yetu niliyojaribu kuibandua ikachanika nusu ikabaki nusu. Pale niliishiwa nguvu. Akaniambia "Mama, sisi deni linakaa kwenye namba ya gari, na gari ni la mwenye kadi. Mkataba wako ni mzuri utunze, ila kimbilia kadi."

Sasa hapa ndo yadi waliponizungusha. Simu ya kwanza, kadi iko tayari tunaifuata Ijumaa. Ijumaa, mtandao uko chini. Jumatatu, meneja yuko Sengerema amekwama foleni ya kivuko Busisi. Jamani, kivuko gani, daraja la Kigongo Busisi limefunguliwa tangu Juni 2025, watu wanavuka kilomita 3 zile kwa dakika chache! Hapo nilielewa kwamba naongopewa, nikafunga duka nikapanda daladala nikaenda mwenyewe. Meneja hayupo kweli, yupo binti wa ofisi. Nikamwambia mwanangu hebu nifungulie droo hiyo. Akafungua. Bahasha ya kaki iko juu kabisa, IST BUNDA kwa wino mwekundu, ndani kadi yangu iko vile vile na jina langu, haijaenda popote tangu Februari. Hela haimo.

Yule binti aliinamisha kichwa tu, sikumgombeza, halikuwa kosa lake. Nikachukua kadi yangu, akaandika kwenye daftari kwamba nimeichukua, nikasaini, nikaondoka.

Nikampigia mwalimu. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi, kwa kweli, ila yule baba alinyamaza kidogo af akasema "Mama samahani sana, mimi najua kadi ilishabadilishwa, wananiambia iko njiani." Naye alikuwa anapigwa danadana zile zile! Akakiri faini ni zake, ndani ya saa moja alilipa zote tatu kwa simu, akanitumia meseji za malipo moja moja, kijana akaangalia tena kwenye mfumo, hakuna deni.

Watu wananiambia sasa unalalamika nini, faini si kalipa. Faini ya elfu 30 inalipika. Mimi usingizi ulikata nikiwaza hizi wiki saba gari inatembea Bunda, Lamadi, Magu kwa jina langu, na bima nayo jina langu. Angegonga mtoto pale Kisesa anatoka shule? Gari ingekamatwa na mzigo wa magendo usiku? Wa kwanza kugongewa mlango ni mimi, mwanamke nauza vitenge, naanza kueleza habari za bahasha ya kaki. Na mimi nilibahatika mnunuzi ni muungwana anapokea simu. Akiwa mtu wa kubadili laini je?

Tulimaliza wenyewe. Mwalimu alikuja Jumamosi kuleta makaratasi yake, Jumatatu kijana wa steshenari jirani na duka langu akatusaidia kujaza, vinavyotakiwa ni vya kawaida tu, kadi orijino, mkataba wa wakili, TIN (namba ya mlipakodi) ya muuzaji na ya mnunuzi, vitambulisho na picha. Ile 155,000 ikabidi ilipwe upya, mimi nikatoa nusu, 77,500, maana mwenzangu alishalipa mara moja na nisingeweza kumwangalia usoni akilipa yote tena. Steshenari alitudai elfu 10. Kazi yenyewe ni ya kufanya siku ile ile mnayosaini mkataba, muuzaji na mnunuzi mkiwa wote, mkitoka kwa wakili mnaunganisha moja kwa moja. Na kwenye mkataba muandike hadi saa ya kukabidhiana gari, wa kwangu ulikuwa na tarehe tu, faini ingekuwa ya siku ile ile ningebishana na nani?

Kwa hiyo kama yadi nawapa nyota, kuuza gari 5, nasema kutoka moyoni. Kadi sifuri. Jirani yangu nimemwambia peleka Noah wataiuza, ila kadi usiiache mezani kwao hata kama meneja anakuita mayu mara kumi.

Meneja tulimpata mwishoni, tulienda wote wawili na mwalimu. Hakukataa, alisema hela ilitumika kwenye dharura, akarudisha laki moja pale pale na ameandika kwa mkono wake kwamba iliyobaki, 105,000, atamaliza mwisho wa mwezi. Karatasi anayo mwalimu, shahidi nimesaini mimi.