Ramani ya karatasi milimani Kigoma: tuibebe au simu inatosha?

Habari zenu watazamaji, karibuni. Nipo Kigoma, mwisho wa reli, na ninachochambua leo ni hii hapa: ramani ya karatasi, skeli 1:50,000, ile ya serikali. Mnaniuliza sana: simu ina GPS, karatasi ya nini?

Simu tuipe haki yake. GPS haili bando wala haihitaji mnara, inapokea mawimbi ya setilaiti. Kinachohitaji mtandao ni ramani yenyewe, kwa hiyo ipakue ukiwa bado mjini. Tatizo ni chaji. Simu ikikosa mnara inahangaika kuutafuta, betri inakwisha. Weka hali ya ndege, GPS itaendelea kufanya kazi. Na mvua ikikupata, kioo kikalowa, utabonyeza mpaka uchoke.

Sasa sogeeni muone. Sentimita 2 hapa ni kilomita 1 ardhini. Karatasi moja inabeba kama kilomita 27 kila upande, na yote unaiona kwa mara moja. Angalieni kontua hizi, mistari inayounganisha sehemu zenye kimo kimoja, zilivyobanana: huo ni mteremko mkali, magoti yatasema. Hizi zilizochongoka kuelekea mlimani ni bonde. Na Kigoma tumebarikiwa, kwa sababu Ziwa Tanganyika liko magharibi, na mabonde ya Gombe, kama Kakombe, yanashuka kuelekea huko. Ukiliona ziwa, zungusha karatasi hadi ziwa la kwenye ramani lielekee lile unaloliona. Hapo umeshajua kaskazini.

Hili sikilizeni vizuri, maana hatari iko hapa. Ramani hizi za zamani zimechorwa kwa msingi wa vipimo unaoitwa Arc 1960, simu inatumia msingi mwingine, WGS84. Ukisoma namba za mahali ulipo kwenye simu ukazihamishia kwenye karatasi vilevile zilivyo, unakosea karibu mita 300. Kwenye milima yetu, mita 300 ni bonde jingine kabisa! Baadhi ya programu za ramani zinakuruhusu kuchagua Arc 1960. Chagua kwanza, ndipo usome.

Kasoro zipo. Vijia na vijiji vimebadilika tangu ichorwe, hivyo amini milima na mito kwanza. Karatasi huchanika kwenye mikunjo. Itie kwenye mfuko usioingiza maji, na ubebe dira.

Mimi nasema ibebeni, hata Mahale, ambako Mlima Nkungwe una mita 2,462 na mnapanda na muongozaji. Ramani haichukui nafasi yake. Kila mkivuka kijito, mwombe akuonyeshe kwa kidole mlipo, nawe weka alama ya penseli. Simu ikizima, alama ya mwisho ndiyo utakayoanzia.

Mnaotaka kununua, ulizeni Wizara ya Ardhi, upande wa Upimaji na Ramani. Kabla hamjalipa, someni pembeni mwaka wa kuchapishwa.