Proslogion ya Anselm: kabla hujalipa, fungua kurasa za mwisho

Nakala yangu ya kwanza ya Proslogion niliipata kwenye meza ya vitabu vya mitumba Posta, Dar es Salaam, kwa shilingi 5,000. Kitabu chembamba, sura 26 fupi fupi, tafsiri ya Kiingereza. Nilikihitaji kwelikweli. Nafundisha vijana wa kipaimara, na binti mmoja wa kidato cha tatu alikuwa ameniuliza mbele ya wenzake: "Mwalimu, tukiweka Biblia pembeni, unajuaje kwamba Mungu yupo?" Nikamwahidi jibu Jumamosi inayofuata.

Anselm aliandika kitabu hiki mwaka 1077 na 1078, akiwa mtawa huko Bec, Normandy, kaskazini mwa Ufaransa, miaka mingi kabla hajawa Askofu Mkuu wa Canterbury, Uingereza. Alitaka hoja moja tu ya kuonyesha kwamba Mungu yupo, isiyohitaji nyingine ya kuishikilia. Eadmer, mtawa aliyeandika maisha yake, anasimulia kwamba jambo hilo lilimkosesha usingizi na chakula, na hata kwenye sala mawazo yakawa yanamtoroka, akadhani ni kishawishi cha shetani. Usiku mmoja, katikati ya masifu, likamfungukia. Akaandika kwenye vibao vya nta, akampa mwenzake avitunze, vikapotea. Akaandika upya kwenye vibao vingine, navyo vikakutwa sakafuni vimevunjika, nta imetawanyika. Wakaokota vipande, wakaunganisha kwa shida, ndipo akaagiza yanakiliwe kwenye ngozi. Tangu nisome hayo, kila nikikishika kitabu naiona ile nta sakafuni.

Hoja yenyewe iko sura ya 2 hadi ya 4. Anaanzia kwenye Zaburi: "Mpumbavu amesema moyoni, Hakuna Mungu." Mungu, anasema Anselm, ni yule ambaye hawezi kufikiriwa aliye mkuu kumzidi. Hata mpumbavu akisikia maneno hayo anayaelewa, kwa hiyo Mungu yumo akilini mwake. Lakini kama yumo akilini tu, basi tunaweza kumfikiria aliyepo kweli, na huyo ni mkuu zaidi. Kumbe yule wa kwanza siye tuliyekuwa tunamtaja!

Nilitafsiri sura hizo daftarini, na jioni nzima ikaishia kwenye neno moja. Niliandika "mkubwa", nikalikata. Tembo ni mkubwa, mlima ni mkubwa. Anselm hazungumzii kitu kinachojaza nafasi. Nikaandika "mkuu", na sentensi ikatulia.

Jumamosi niliwasomea. Mvulana mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, mimi nikifikiria shamba zuri kuliko yote duniani, litakuwepo kwa sababu nimelifikiria?" Nikaenda mwisho wa kitabu kuona kama Anselm alijibu. Hakukuwa na kitu. Gundi ya mgongo ilikuwa imeachia, na kurasa zote baada ya sura ya 26 zimeng'olewa. Aliyeniuzia nilimrudia, akasema cha mitumba hakirudishwi. Niliumia, si kwa ile elfu tano.

Padre mmoja ndiye aliyeniazima nakala nzima. Kumbe swali la yule kijana liliulizwa Anselm akiwa hai, na Gaunilo, mtawa wa Marmoutier, Ufaransa, aliyejitwika kumtetea mpumbavu. Yeye alitumia mfano wa kisiwa kilichopotea, chenye neema kupita nchi zote. Anselm akamjibu: kisiwa, kama kila chenye mwanzo, mwisho au sehemu, kinaweza kufikiriwa hakipo, hoja yake inamhusu mmoja tu asiyeweza kufikiriwa hivyo. Na kilichonigusa ni kwamba Anselm mwenyewe aliagiza pingamizi la Gaunilo liandikwe pamoja na kitabu, na jibu lake lifuate. Hakuogopa msomaji wake amsikie mpinzani. Kwangu toleo lisilo na kurasa hizo ni nusu kitabu, hata liwe na jalada zuri namna gani.

Je, nimeshawishika? Sura ya 2 peke yake, bado. Mtakatifu Thomas wa Akwino, mwanateolojia wa karne ya 13, naye hakuikubali. Alisema sisi hatuijui asili ya Mungu kiasi hicho, akaanzia kwenye vitu tunavyoviona vikisogezwa na vingine. Vijana wangu walimwelewa Thomas haraka zaidi. Lakini sura ya kwanza ya Anselm, ile sala ya mtu anayemtafuta asiyemwona, naisoma kila Ijumaa usiku kabla ya somo.

Yule binti hakusema kama ameridhika. Aliniomba kurasa za Gaunilo, nikamtolea fotokopi, na juzi nimeziona mkononi mwake, zimepigiwa mistari kwa kalamu nyekundu pande zote mbili.