Hoteli ya Mwembe Tayari niliyoangalia rais akiapishwa

Hii ni hoteli ndogo tu, meza nane hivi, iko huku Mwembe Tayari Mombasa, ukishuka matatu unasikia harufu ya mahamri kabla hata hujaona mlango. Naiandikia manake Jumanne ya tarehe 13 Septemba 2022, siku William Ruto alipoapishwa kuwa rais wa Kenya uwanja wa Kasarani, Nairobi, mimi nilikaa pale toka asubuhi mpaka hotuba ikaisha na sijawahi kuangalia sherehe ya serikali nikafurahi vile. Uchaguzi ujao ni tarehe 10 Agosti 2027 na nitarudi palepale inshallah.

Siku ya kuapisha rais ni holidei kwa sheria, sasa mahoteli mengi ya mjini yanayotegemea watu wa maofisi yanafunga, hii haifungi. Na mwenye hoteli anaijua ile hesabu ya tarehe kuliko watu wengi, alikuwa ameiandika kwa marker kwenye karatasi akaibandika ukutani chini ya bei za chai. Kuapishwa Kenya lazima iwe Jumanne, kama hakuna kesi ni Jumanne ya kwanza baada ya siku 14 toka matokeo yatangazwe, kama watu wameenda Supreme Court basi ni Jumanne ya kwanza baada ya siku 7 toka majaji watoe uamuzi. Mwaka huo kesi ilikuwepo, uamuzi ulitoka Jumatatu tarehe 5 Septemba, siku saba zinaisha Jumatatu ya tarehe 12, kesho yake ndo siku yenyewe. Uhuru Kenyatta, rais aliyemtangulia Ruto, pia ni hivohivo, 9 Aprili 2013 na 28 Novemba 2017 zote zilikuwa Jumanne. Wateja walikuwa wanasimama pale wanahesabu na vidole, wakiridhika ndo wanakaa.

Nilifika saa moja. Mahamri yalikuwa bob kumi kumi, ya moto, yamefura vizuri na iliki unaisikia, mbaazi za nazi nzito zile za kufuta sahani na kipande cha mwisho. Chai ya maziwa nzuri. Viazi karai sikuvipenda, chumvi ilizidi na ile ukwaju yao ni maji maji, nilimwambia dada aliyetuhudumia akanibadilishia bila kununa.

Kitu kilichonifanya niandike hii review ni vile wanaipanga siku. Sheria ya mwaka 2012 inasema rais aapishwe kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, na jiko lao linafuata masaa hayo, mahamri mpaka saa nne, baadaye ni kahawa na juisi peke yake, biriani haipakuliwi mpaka kiapo kiishe. Kuna jamaa alikuja na njaa akaitaka sahani yake saa tano na nusu, akaambiwa subiri kidogo shekhe, rais bado, na akasubiri!

Meza yangu nilikaa na mzee mmoja aliyefanya kazi bandarini miaka mingi, huyo peke yake alikuwa anatosha kiingilio. Alituhadithia Uhuru Park, Nairobi, tarehe 30 Desemba 2002, yeye alisafiri usiku kucha na basi kwenda kumuona Rais Kibaki akiapishwa kwenye wheelchair na plasta mguuni, ametoka kwenye ajali wiki chache nyuma, watu wamejaa mpaka juu ya miti, Moi, rais anayeondoka, amekaa palepale anakabidhi. Halafu akanyamaza, akasema na 2007 je, tarehe ileile 30 Desemba, kiapo kikafanywa Ikulu jua linazama, matokeo ndo kwanza yametangazwa, na sote tunajua kilichofuata, fujo na mauaji. Yeye anaamini yale masaa ya mchana na lile sharti la kuapa hadharani yametokana na jioni ile, na mimi namuunga mkono kabisa, kiapo cha rais ni cha kuonekana na kila mtu jua likiwaka.

Wakati wa kiapo wenyewe kijana wa juisi akazima blenda, mwenye hoteli akaongeza sauti, watu kimya. Jaji Mkuu Martha Koome amesimama, Msajili wa Mahakama Anne Amadi ndo anaapisha, kiapo kilikuwa cha Kiingereza na yule mzee akawa anatutafsiria polepole, kuitii, kuihifadhi, kuilinda na kuitetea Katiba. Kisha saini, kisha Uhuru akamkabidhi upanga na Katiba. Hapo ndo mwili ulinisisimka, manake huo upanga ni uamiri jeshi mkuu, mtu alikuwa nao karibu miaka kumi na anautoa kwa mkono wake mwenyewe mbele ya uwanja mzima na wenziwe wote wanamuangalia. Mizinga 21 ilipopigwa watoto waliokuwa mlangoni wakawa wanahesabu kwa sauti.

Biriani ikatoka. Ya kuku, 350, masala yameiva, kitunguu kimekaangwa mpaka kimekuwa brown, wali haujashikana, kachumbari na pilipili ya ndimu pembeni bila kuongeza pesa. Tuko katikati ya kula ndo rais mpya akasema kwenye hotuba kwamba mchana huohuo atatoa amri shughuli za kuklia mizigo, yaani kuitoa forodhani, zirudi bandari ya Mombasa. Wallahi hoteli ililipuka. Watu walisimama na mikono ina wali, manake toka makonteina yaanze kulazimishwa kupanda treni ya SGR kwenda bara, huku ofisi za klia zimefungwa, madreva wa trela wamekaa, na hata mahoteli kama hii yalikosa wateja. Dada anayehudumu alilia waziwazi, kakake alikuwa dreva. Mzee wangu hakusimama, alisema tu nitaamini nikiyaona makonteina, akaendelea kula. Mimi nilikuwa nimesimama.

Mapungufu yapo. Viti ni vichache sana, kufika saa tatu watu wamesimama mpaka barazani, na wanawake hawakuwa wengi nadhani kwa sababu hiyo, waweke hata mabenchi mawili ya familia. TV ilikatika gwaride likipita mbele ya jukwaa, dakika tatu hivi, wanahitaji antena ya akiba. Choo kilikuwa kisafi asubuhi, mchana hapana.

Huduma nampa dada yule nyota tano, chakula nne kwa ajili ya vile viazi. Mkienda 2027 fikeni kabla ya saa mbili, mkae upande wa dirisha kuna upepo, na biriani muiagize mapema hata kama hamtapakuliwa, manake sufuria ni moja na ikiisha hawapiki nyingine.