Game.com na modemu yake: intaneti isiyokuwa na gemu

Konsoli ya mkononi inayojitangaza kwa jina la tovuti haina budi kupimwa kwa intaneti yake kwanza, na ndivyo nitakavyoipima Game.com ya kampuni ya Tiger Electronics, ambayo iliingia madukani nchini Marekani mwaka 1997 kwa bei ya dola 69.95. Ilikuwa konsoli ya kwanza ya mkononi iliyoweza kuingia kwenye intaneti, na iliingia kwa njia pekee ambayo nyumba nyingi za wakati ule zilikuwa nayo, yaani modemu ya kupiga simu. (Jina lenyewe lilitamkwa bila ile nukta, jambo ambalo naona limeipokonya hata ule utani wake.)

Mnunuzi aliyefungua boksi akitarajia kuingia mtandaoni jioni ileile alikuwa na safari nyingine ya kurudi dukani. Ndani mlikuwa na konsoli, kalamu ya kugusia skrini na gemu ya Lights Out, lakini modemu haikuwamo, wala ile kaseti maalumu ya intaneti ambayo bila yake modemu haina kazi. Vitu hivyo viwili viliuzwa peke yake, na baada ya kuvipata ilibaki kujiunga na mtoa huduma wa intaneti. Tiger ilikuwa imepanga huduma ya Delphi iliyotengenezwa kuendana na konsoli hii. Jambo moja la busara katika mpango huu ni kwamba konsoli ina matundu mawili ya kaseti, hivyo kaseti ya intaneti inaweza kukaa upande mmoja na gemu upande wa pili, bila kuchomoa na kuchomeka kila mara.

Modemu hiyo ina kasi ya kilobiti 14.4 kwa sekunde, na ndiyo sehemu inayochekwa zaidi na watu wanaoizungumzia Game.com leo. Kicheko hicho kina sababu, kwa kuwa kiwango hicho kilikuwa kimepitishwa tangu mwaka 1991, na kufikia 1997 wenye kompyuta walikuwa wakinunua modemu za kilobiti 33.6 na hata 56. Hata hivyo, naiona lawama hii kuwa imepelekwa mahali pasipo pake. Ikihesabiwa kwamba kila herufi husafiri kwa biti kumi, pamoja na ile ya kuanzia na ile ya kumalizia, modemu ya namna hiyo hupitisha kwa nadharia herufi 1,440 kwa sekunde, na hakuna msomaji duniani anayesoma kwa kasi hiyo. Barua pepe ya herufi elfu mbili hufika kwa sekunde moja na nusu hivi. Picha ya kilobaiti 50, kwa upande mwingine, ingechukua zaidi ya nusu dakika, kisha ionyeshwe kwenye skrini isiyo na rangi. Waliobuni kivinjari cha konsoli hii waliacha picha kabisa wakaonyesha maandishi matupu, na kwa vifaa walivyokuwa navyo huo ulikuwa uamuzi sahihi.

Skrini yenyewe ina nukta 200 kwa 160. Ukikadiria herufi yenye upana na kimo cha nukta nane, unapata mistari ishirini ya herufi ishirini na tano, yaani herufi 500 kwa wakati mmoja, ambazo modemu huzileta kwa theluthi moja ya sekunde. Kwa hiyo kinachomchelewesha msomaji si laini ya simu bali ni ufinyu wa dirisha: ukurasa uliopangwa kwa skrini ya kompyuta ya mezani huwa mrefu kama utepe, na anayetafuta jambo lililo chini yake atashuka mpaka achoke. Kujibu barua nako kunataka subira, maana hakuna kibodi, na maneno yanaundwa kwa kugonga skrini kwa kalamu. La ajabu ni kwamba skrini hii, ambayo haina taa yake yenyewe na ambayo vitu vinavyokwenda mbio huacha kivuli nyuma yao, inayavumilia maandishi yaliyotulia kuliko inavyozivumilia gemu za mwendo kama Sonic Jam. Kwa macho tu, kusoma barua kulikuwa miongoni mwa kazi zilizoifaa zaidi.

Kasoro iliyo nzito kweli ni kwamba barua pepe haziwezi kuhifadhiwa ndani ya konsoli. Mtumiaji wa kompyuta wa miaka ile alikuwa na desturi nzuri ya kupiga simu, kushusha barua zote, kukata, kisha kuzisoma kwa utulivu huku simu ya nyumbani ikiwa huru kwa wengine. Mwenye Game.com alilazimika kusoma laini ikiwa wazi, na simu ya pili ikigonga mlango katikati ya barua, ule mlio wa kuarifu uliweza kuvunja mawasiliano. Wamarekani waliojua hila walibonyeza *70 kabla ya namba ili kuuzima. Gharama ya muda haikuwa tatizo kubwa kwa kila mtu, kwani watoa huduma wakubwa kama AOL walikuwa wamekwisha kuanza kutoza ada moja ya mwezi, dola 19.95, tangu Desemba 1996. Tatizo lilikuwa la maana yenyewe ya kifaa: konsoli inayoendeshwa kwa betri nne za AA ili ibebwe popote inaishia kufungwa kwa waya kwenye soketi ya simu ukutani, na ikiondoka pale haibaki na neno hata moja la kile ulichokisoma.

Pamoja na hayo yote ningeweza kuisamehe, kama si kwamba hakuna gemu hata moja ya konsoli hii iliyoitumia intaneti. Hakuna mashindano na mtu wa mbali, wala ngazi mpya ya kushusha. Baadaye ilikuja kaseti ya Web Link, iliyomwezesha mchezaji kuiunganisha konsoli na kompyuta ili apeleke alama zake za juu kwenye tovuti ya Game.com, akitumaini jina lake litatokea katika orodha ya walio bora. Lakini hapo kompyuta ndiyo inayoingia mtandaoni, na mwenye kompyuta iliyounganishwa hahitaji kusomea barua kwenye skrini ya kijivu. Linganisha na adapta ambayo Nintendo iliitoa Japani Januari 2001 kuunganisha Game Boy na simu ya mkononi: nayo haikufika mbali, ikazimwa Desemba 2002, lakini mchezaji wa Pokémon Crystal aliyeinunua alijua anaunganisha kwa sababu gani.

Tiger wenyewe walitoa hukumu yao mwaka 1999, walipoleta Game.com Pocket Pro, ndogo zaidi na yenye kutumia betri mbili tu. Kitabu cha namba za simu, kalenda na kikokotoo vilibaki, intaneti iliondolewa. Konsoli ilisitishwa mwaka 2000 ikiwa imeuzwa chini ya nakala 300,000. Anayeitafuta sasa ningemshauri achukue ile ya kwanza, kwa ajili ya skrini yake ya kugusa iliyoitangulia Nintendo DS kwa miaka saba, na kaseti ya intaneti ainunue tu ikiwa bei yake ni ya kitu cha kuwekwa kabatini.