Bogofilter na barua za Kiswahili: uzoefu wangu

Natunza barua pepe za ofisi ndogo ya utalii hapa Arusha, na kuchuja barua taka natumia Bogofilter, programu ya bure iliyoanzishwa na Eric S. Raymond mwaka 2002. Naipenda kwa sababu haifichi kitu. Vichujio vingine nilivyovitumia hukwambia barua ni taka, basi. Hii ukiiuliza, inakujibu neno kwa neno.

Nililazimika kuichimba pale barua za wenye loji na madereva, zote za Kiswahili, zilipoanza kuangukia kwenye taka huku za wageni kwa Kiingereza zikifika salama. Kwenye kichwa cha barua, yaani ile mistari ya kiufundi inayotangulia ujumbe, mstari wa X-Bogosity ulisema Spam, yaani taka. Kwa mipangilio ya kawaida, barua yenye alama ya 0.99 kwenda juu ni taka, isiyozidi 0.45 ni safi, na ya katikati huandikwa Unsure, yaani programu haina uhakika.

Kujua kulikoni, unaipitisha barua yenyewe kwenye programu kupitia terminali, lile dirisha la kuandika amri:

bogofilter -vvv < barua.eml

Linatoka jedwali la kila neno na alama yake, na pembeni + kwa neno lililoingia kwenye hesabu, - kwa lililoachwa. «Tafadhali», «malipo», «chumba», «wageni»: yote yana -. Neno geni kwa programu hupewa 0.52, na neno lenye alama ya katikati, kati ya 0.125 na 0.875, halihesabiwi kabisa. Kwa hiyo barua nzima ya mwenye loji ilikuwa kama haijaandikwa kitu. Uamuzi ulitokana na vijineno vichache vya kwenye kichwa, vile vinavyoanza na rcvd:, likiwemo jina la seva ambayo matapeli nao huipitia.

Dawa ni kuifundisha Kiswahili. Nilikusanya barua safi kwenye faili la mbox, yaani faili moja lenye barua nyingi, nikazipitisha kwa -M -n, kisha taka za Kiswahili, zile za mikopo ya haraka na ajira hewa, kwa -M -s. Hizi za pili msiziruke! Ukifundisha barua safi peke yake, «kwa» na «yako» zinageuka ushahidi wa usafi, na tapeli yeyote anayeandika Kiswahili anapita.

Barua za madereva sasa zinafika. Chache bado huwa Unsure, hasa za mtu mpya, nazo nazifundisha jioni.

Wanaotumia chaguo la -u wawe makini zaidi, kwa kuwa hapo programu hujifundisha kwa kila uamuzi wake wa taka au safi, hata uliokosewa. Barua safi iliyohesabiwa taka irekebishwe kwa -Sn. Ukitumia -n tu, kosa la kwanza linabaki kwenye kumbukumbu na kuendelea kuvuta alama. Vitufe vya kubofya haina, hivyo ofisi isiyo na mtu anayeiweza terminali itahangaika nayo.