Friji ya safari pasipo na stima: ipi ununue ukitokea Kisumu au Nakuru

Kwa mwenye haraka, jibu ni hili: nunua friji ya kompresa (pampu inayozungusha gesi ya kupoza) ya volti 12, ya lita 35 hadi 50, na uitengee betri yake. Kama safari zako ni za kutoka Ijumaa na kurudi Jumapili, kuli boksi nene na barafu vinakutosha, pesa inayobaki itie kwa mafuta ya gari. Friji ya gesi ina watu wake, nao si wengi. Ile nyepesi inayouzwa kwa jina la "friji ya gari" iache pale pale dukani.

Kabla ya kuingia duka lolote jiulize utalala wapi. Kisumu iko mita 1,130 hivi juu ya bahari, mchana joto hufika nyuzi 30 mara kwa mara, na usiku unyevu wa ziwa haukuachi upoe vizuri. Nakuru iko karibu mita 1,850, na jioni kila mtu anatafuta sweta. Friji moja, nyama ile ile, lakini Nakuru mtambo unapumzika sehemu kubwa ya usiku na Kisumu unahema mpaka alfajiri. Anayepiga kambi mbuga ya Ruma kule Lambwe, au kando ya Ziwa Bogoria, anahitaji friji yenye nguvu kuliko anayelala Mlima Elgon. Ukipewa karatasi ya friji, tazama ilipimwa kwenye joto gani. Zipo zinazoandikwa nyuzi 25, na gari lililofungwa juani Kondele, Kisumu, saa nane mchana limepita hapo mbali sana.

Lengo lako ni nyuzi 4 au chini yake ndani ya boksi. Maziwa, nyama, na samaki aliyetoka Dunga asubuhi hawana subira na nyuzi 12.

Nambari 1: friji ya kompresa ya volti 12

Hii hufanya kazi kama friji ya nyumbani, ila kompresa yake imetengenezwa kula umeme wa betri moja kwa moja. Inapoza hadi chini ya sifuri hata joto la nje likiwa kali, inavumilia gari kuinama kwenye barabara mbovu, na ikishapoa inajizima mpaka joto lipande tena. Huko kujizima ndiko kunakokuokolea betri.

Majina utakayokutana nayo ni Dometic, Engel ya Japani, ARB ya Australia, National Luna na SnoMaster za Afrika Kusini, na Alpicool ya China ambayo bei yake ni nafuu zaidi. Mimi huangalia zaidi unene wa kuta kuliko jina. Ukuta mwembamba unakulipisha kila saa, kwa maana baridi inavuja na kompresa inaamka tena. Bonyeza mfuniko uone kama unalegea. Kisha fungia kipande cha karatasi kwenye mpira wa mfuniko, ukivute. Kikitoka bila kukwama, hewa nayo itapita hapo hapo. Rudia pande zote nne, hasa karibu na bawaba.

Sasa hesabu, na hapa usiruke. Friji ya lita 40 hivi hula wati 45 kompresa ikiwa inazunguka. Siku ya joto la Kisumu chukulia inazunguka nusu ya muda: 45 mara saa 12, unapata wati-saa 540 kwa siku. Nakuru, kwa theluthi moja ya muda, ni kama 360. Betri ya asidi ya ampia-saa 100 ina wati-saa 1,200 (100 mara volti 12), lakini ukiitoa zaidi ya nusu kila siku unaiua mapema, kwa hiyo yako halisi ni 600. Hiyo ni siku moja ya Kisumu, basi. Betri ya lithiamu aina ya LiFePO4 ya kiasi hicho hicho inakuachia zaidi ya 1,000 bila kuumia, yaani karibu siku mbili hata jua lisipotoka. Bei yake inauma siku ya kununua, ila uzito wake ni mdogo sana na inadumu miaka mingi zaidi.

Kurudisha umeme huo, paneli ya wati 200 inatosha. Kwa saa tano za jua zuri, ukitoa hasara za joto, vumbi na waya, utapata kama wati-saa 700. Ikweta inapita karibu na Maseno, kwa hiyo jua letu la mchana liko karibu utosini mwaka mzima na paneli iliyolazwa juu ya gari haipotezi kitu kikubwa. Iinamishe kidogo tu ili mvua iioshe. Tatizo la upande huu ni mawingu ya alasiri. Kisumu na Kakamega mvua hupenda kuja baada ya saa nane, na ukiegesha ndani ya msitu wa Kakamega paneli ya juu ya gari ni pambo. Anayependa kulala chini ya miti anunue paneli ya kukunja yenye waya wa mita tano au zaidi, gari likae kivulini na paneli ikae juani.

Kisha kuna waya, mahali ambapo friji nyingi nzuri husingiziwa ubovu. Friji inazima yenyewe ikiona volti zimeshuka, na waya mwembamba unazishusha hata betri ikiwa imejaa. Mwambie fundi avute waya wa milimita 6 za mraba kutoka kwenye betri hadi nyuma ya gari, aweke fyuzi ya ampia 15 karibu na betri, na aache soketi imara huko nyuma. Ile tundu ya kuwashia sigara haikukusudiwa kazi ya siku nzima. Iguse baada ya saa moja: ikiwa ya moto, hapo umeme wako unageuka joto kabla haujafika kwenye friji.

Usiiunge kwenye betri inayowasha gari bila kitenganishi, kifaa kinachoitenga betri hiyo na friji injini ikizimwa. Friji itakula usiku kucha na asubuhi utatafuta wa kusukuma, na Lambwe wasukumaji ni wachache.

Kuhusu ukubwa, watu wawili au watatu lita 40 zinawatosha. Friji ya lita 60 iliyojaa hewa inasumbuka kuliko ya lita 40 iliyojaa chakula, kwa kuwa kila ukifungua mfuniko ile hewa baridi yote inatoka. Chagua yenye mfuniko wa juu badala ya mlango wa mbele. Baridi ni nzito, hukaa chini. Na komeo liwe la kweli. Nyani wa Ziwa Nakuru wanajua kufungua vitu.

Nambari 2: kuli boksi na barafu

Watu huiona kama chaguo la asiye na pesa, nami sikubaliani nao. Kwa usiku mbili hakuna kinachoishinda: haina waya, haina betri, haiharibiki. Kinachotakiwa ni kuta nene za povu, mpira unaobana, na barafu ya bonge. Barafu iliyopondwa inayeyuka haraka kwa sababu inaguswa na joto pande nyingi. Bonge moja hukaa muda mrefu zaidi. Gandisha maji kwenye chupa za lita mbili na mitungi ya lita tano, uipoze boksi usiku mmoja kabla ya safari, halafu uingize vyakula vilivyokuwa tayari baridi. Barafu ikiyeyuka ndani ya chupa unapata maji ya kunywa, na huli ugali kwa nyama iliyoogelea.

Baada ya siku ya tatu katika joto la ziwa, usiiamini tena kwa nyama. Hapo ndipo kompresa inapata thamani yake.

Nambari 3: friji ya gesi, umeme wa volti 12 na stima

Hizi ndizo zinazofungwa kwenye karavani nyingi za Ulaya, na zinaletwa hapa zikiwa zimetumika. Hazina kompresa. Moto mdogo unachemsha maji yenye amonia, na mzunguko wa mvuke huo ndio unaoleta baridi. Ni kimya kabisa, na gesi yake si nyingi: gramu 250 hadi 400 kwa siku, kwa hiyo mtungi wa kilo 6 unaweza kwenda wiki mbili. Kwa mtu anayekaa mahali pamoja mwezi mzima, tuseme mtafiti au mjenzi aliyeweka kambi ufuoni Mbita, si mbaya.

Lakini masharti yake ni mengi. Lazima ikae sawa, bila kuinama, la sivyo mzunguko unakwama. Inaumwa na joto la nje, na inahitaji hewa ya kutosha mgongoni. Juu ya mita 1,700 hivi hewa ni nyepesi na moto wake unaweza kudhoofika au kuzima. Watengenezaji wenyewe wanaonya. Nakuru, Kitale na Eldoret ziko juu ya hapo zote. Kwa volti 12 nazo hula wati 100 na zaidi bila kupumzika, kwa hiyo upande huo ni wa kutumia injini ikiwaka tu. Meko ya kilo 6 yenye kichomeo juu haiungwi hivi hivi. Unahitaji regiuleta ya shinikizo lililoandikwa kwenye friji. Na tafadhali usiiwashe kwa gesi ndani ya hema au gari lililofungwa. Moshi wake una kaboni monoksaidi, hauna harufu, na huua watu wakiwa usingizini.

Nambari 4: friji ya nyumbani na inveta

Inveta hugeuza umeme wa betri uwe kama stima ya nyumbani. Inawezekana, hasa kwa kibanda kisichohama. Ila kompresa ya nyumbani ikianza huvuta mara kadhaa ya wati zilizoandikwa, kwa hiyo inveta lazima iwe kubwa, nayo inakula umeme hata friji ikiwa imelala. Kwenye gari, mitikisiko inaimaliza.

Nambari 5: "friji ya gari" isiyo na kompresa

Inapoza kwa kipande cha umeme na feni, na inaweza tu kushusha joto kama nyuzi 20 chini ya lile la nje. Nje nyuzi 32, ndani 12. Inakula wati 50 bila kujizima, yaani wati-saa 1,200 kwa siku, mara mbili ya kompresa, na nyama bado itaharibika. Kwa anayebeba insulini hili si jambo dogo: inatakiwa nyuzi 2 hadi 8, na isigande kamwe. Huyo anunue kompresa na aweke kipimajoto ndani, kando ya dawa yenyewe.

Utaitambua kwa kuinyanyua. Ya kompresa ya lita 40 ina uzito wa zaidi ya kilo 10, na upande mmoja utasikia mngurumo ukianza na kukoma. Hii nyingine unaibeba kwa vidole, na feni yake haikomi.

Ukienda kununua, hata iwe ya mkono wa pili, beba chupa ya maji na kipimajoto cha jikoni. Omba iwashwe kwa betri, si kwa stima ya duka, chupa ikiwa ndani, nenda ukanywe chai, urudi baada ya saa mbili. Kompresa nzima itakuwa imeyapoza maji waziwazi na kuta zake zimeanza kushika baridi kali. Muulize pia muuzaji ni gesi gani ya kupoza iko ndani na nani mjini anayeijaza. R134a mafundi wengi wanaijua, R600a inawaka moto na inataka fundi makini. Jina la huyo fundi liandike nyuma ya risiti.