Kukalibreti monita ya zamani bila kufilisika: kifaa gani ununue, kipi uachane nacho

Kama unaedit picha za harusi na send-off hapa Dar kwenye monita ya mtumba ya Kariakoo, hii ushaisikia: mteja anapokea albamu anauliza mbona bi harusi kawa mwekundu hivi, afu ukiangalia kwako ngozi iko safi kabisa. Mara nyingi hapo sio mkono wako, ni skrini inakudanganya. Watu wakishagundua hivyo wanakimbilia kuuliza bei ya kifaa cha kukalibreti, yani kile kinachokaa juu ya skrini kupima rangi zake ili zirekebishwe, mi nasema subiri kwanza, maana kuna monita hazistahili hata shilingi ya kifaa.

Fungua picha ya kijivu ijaze skrini nzima, afu chuchumaa uitazame kutokea chini. Kama inakuwa nyeusi au rangi zinageuka kama negativu, hiyo ni paneli ya TN, aina ya skrini ambayo rangi hubadilika ukibadilisha pembe, na hapo hamna kitu cha kukalibreti, kifaa kinapima pale katikati kikiwa kimenyooka lakini wewe ukisogeza kichwa kidogo tu rangi zimeshabadilika, yani juu ya skrini ngozi ina rangi yake na chini ina yake. Iuze, ongezea hela, chukua IPS, aina ambayo rangi zinatulia hata ukiangalia kwa pembeni. Kwenye mtumba naipenda Dell U2412M, ilitoka 2011, inchi 24, ni IPS ya taa ya LED na bado zinaingia sana kutoka kwenye maofisi ya nje. Usiichanganye na U2410, namba zinafanana ila ile ni ya taa ya CCFL (mirija myembamba kama tyubu, sio LED) na rangi zake ni pana kupita sRGB, kile kiwango cha kawaida cha rangi za mtandaoni, kwenye programu isiyojua profaili (faili linaloeleza rangi za monita yako) kitenge chekundu kinawaka mpaka macho yanauma. Kuna modi ya sRGB kwenye menyu yake lakini kama ndo unaanza usijitafutie kazi. Ukienda dukani beba flash yenye picha ya kijivu na picha moja ya mtu mweusi aliyevaa nguo nyeupe, na uombe waiache imewaka wakati mnapatana bei, usinunue ndani ya dakika mbili.

Haya sasa vifaa, kwa mpangilio wangu mimi.

Namba moja ni ColorMunki Display au i1Display Pro, zote za X-Rite za 2011, ununue iliyotumika. Ndani ni kifaa kimoja, tofauti kubwa ni kwamba ColorMunki inapima polepole, na kwa mtu mwenye monita moja polepole ina shida gani, weka kafate chai urudi. Filta zake, vile vichujio vya rangi vya ndani, hazichoki kirahisi kwa hiyo hata ya miaka kumi bado inaaminika, na hii ndo sababu kubwa naiweka juu. Tangu 2021 vifaa hivi vinauzwa kwa jina la Calibrite, kwa hiyo ukiona ColorChecker Display Pro ujue ni ukoo huohuo, ila mpya bei yake inauma. Angalizo moja: kuna kitu kinaitwa ColorMunki Smile, jina linafanana lakini ndani ni teknolojia ya zamani kabisa, muuzaji akikwambia ni ileile mwambie asante.

Namba mbili SpyderX Pro ya Datacolor, ya 2019. Mpya ilitoka kwa dola 170 hivi, ina lenzi na inapima chapchap. Usiongeze hela kwa ajili ya SpyderX Elite, kifaa ni kilekile unachoongezea ni softwea, na hiyo softwea hatutaitumia kama utakavyoona huko chini. Ukiagiza nje piga hesabu yote kabla hujafurahi, usafiri, ushuru, na VAT ya asilimia 18, watu wengi wanaona bei ya mtandaoni wanadhani ndo imeisha.

Namba tatu Spyder5 iliyotumika, hata ile Express ya chini kabisa. Inafaa kama umeipata kwa bei ya kutupa na unajua imetunzwa wapi. Filta za hizi za zamani zinaharibika na unyevu na joto, na joto la Dar unalijua mwenyewe.

Namba nne ni macho yako, bure. Windows ina zana yake ya kukalibreti, uiunganishe na kurasa za majaribio za Lagom mtandaoni. Utarekebisha braitinesi, kontrasti na gama (jinsi mwanga unavyopanda kutoka giza hadi nyeupe) vizuri tu, vile viboksi vyeusi vya mwanzo uvione vinatofautiana. Weupe hutaupata, jicho linazoea haraka mno, ukikaa na skrini ya njano dakika kumi unaiona nyeupe.

Za kuacha: i1Display 2, huey, Spyder2 na Spyder3. Hata ukipewa bure, ikikupima vibaya utaenda vibaya kwa kujiamini. Na kudownload profaili ya mtu mwingine mwenye monita kama yako nako kuache, monita mbili za modeli moja zikishatumika miaka nane kila moja imechoka kivyake.

Ila kabla hujanunua peke yako, ongea na wenzako. Kifaa kinafanya kazi saa moja kwa mwezi, siku zilizobaki kimelala kwenye droo. Wapiga picha wanne mkichanga mnapata hiyo namba moja bila mtu kuumia, na kwa vile mnatumia DisplayCAL na ArgyllCMS, programu za kukalibreti ambazo ni za bure, hamna habari ya leseni ya kompyuta ngapi. i1Display na ColorMunki zinachomekwa tu zinafanya kazi, Spyder kwenye Windows itakudai draiva, menyu ya DisplayCAL inayo.

Siku ya kupima washa monita nusu saa kabla, umeme ukikatika katikati anza upya. Funga pazia, zima taa ya usiku ya Windows, na kama unatumia kebo ya VGA badilisha uweke DVI au DisplayPort. Kwenye DisplayCAL chagua aina ya taa, LED nyeupe au CCFL, watu wanaruka hapa na ndo wanapokosea weupe. Weka weupe wa 6500K, gama 2.2, mwanga kandela 120 kwa mita ya mraba, au kama kazi yako nyingi inaenda kuprintiwa na chumba ni cha giza shuka mpaka 80 au 100.

Afu itakuletea mistari mitatu, nyekundu, kijani, bluu. Hapa shika vitufe vya monita yenyewe, usiiachie kompyuta. Monita ya zamani mara nyingi bluu imepungua, usiipandishe, shusha nyekundu na kijani mpaka mistari ilingane, afu rudi kwenye braitinesi maana mwanga utakuwa umeshuka. Ukiiachia kadi ya video ifanye kazi yote utaona mistari mistari kwenye anga la jioni pale Coco Beach. Mwisho endesha verifikesheni, yani kupima tena kuhakiki, wastani wa delta E (kipimo cha rangi imekosea kiasi gani) ukiwa chini ya 2 inatosha kabisa kwa kazi za wateja.

Taa ya CCFL rudia kila mwezi, LED hata miezi miwili mitatu. Na kama umeweka braitinesi 100 na kifaa bado kinasoma chini ya kandela 80, taa imekwisha hiyo, mpe mtoto aangalizie katuni.